Wimbo wa Mungu au Muziki ya Baa?

Mwaka wa 1999 kundi Makoma lilitoa albamu «Nzambe na Bomoyi», maana yake Mungu wa Uzima. Waimbaji wake, karibu wote watoto wa jamaa moja kutoka Kinshasa, walikuwa wakikaa Uholanzi. Waliimba Kilingala na Kiingereza, kwa mapigo ya kisasa.

Katika kambi yetu baba mmoja alivunja kasete ya kijana wake. «Ile ni muziki ya mu baa!» Kijana akajibu: «Papa, banaimba Yesu. Shida iko wapi?» Tangu siku ile aliacha kwaya. Nami, mchungaji, nilimsifu baba. Leo najuta.

Juu ya nini? Zaburi 150 inataja baragumu, kinubi, matari na kucheza. Kijana anapenda wimbo huu sababu unamwonyesha kama Mungu si wa wazee tu.

Wazazi, mbele ya kuvunja, sikilizeni pamoja na watoto, mkaulize maana ya maneno. Vijana, mkimwimba Mungu wa Uzima Jumapili, msimkane Jumatatu kule mgodini.

Nilimwendea kijana yule kuomba msamaha. Kiti chake katika kwaya kingali kinamngojea.