Siri ya Mgonjwa Isivuje Hewani: Usalama wa Mtandao Pasiwaya Vyuoni Arusha

Kwa takriban miaka 20, jiji la Arusha lilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, mashahidi wengi walitoa ushahidi wao nyuma ya pazia, wakitajwa kwa herufi badala ya majina. Ilieleweka kwamba jina moja likivuja, mtu angeweza kupoteza maisha.

Vyuo na hospitali za mji huohuo hutunza siri za aina nyingine: jibu la kipimo cha VVU, historia ya maradhi ya akili, ujauzito ambao familia haijaambiwa. Zamani siri hizo zilikaa katika jalada la karatasi, na ufunguo wa kabati ukawa mikononi mwa mtunza kumbukumbu. Leo zinasafiri hewani.

Chukulia mwanafunzi wa uuguzi aliye katika mafunzo ya vitendo. Jioni amerudi bwenini, chini ya Mlima Meru, na kwa simu yake anamtumia mwalimu taarifa ya mgonjwa aliyemhudumia mchana. Mawimbi ya Wi-Fi hayakomi ukutani. Yanavuka uzio na kufika kwenye migomba na mibuni ya jirani, na yeyote aliye karibu na mwenye kifaa kinachofaa anaweza kuyanasa. Kinachomlinda mgonjwa ni namna ujumbe ule ulivyofichwa.

Nywila moja kwa watu wote

Katika taasisi nyingi, mtandao pasiwaya hulindwa kwa nywila moja iliyobandikwa ukutani. Kila mhudumu wa afya anajua hatari ya kutumia sindano moja kwa wagonjwa wengi, na nywila ya pamoja ina kasoro ya namna hiyo. Chini ya kiwango cha WPA2, anayeijua na aliyenasa salamu za mwanzo baina ya simu na kisambaza mawimbi anaweza kufumbua mawasiliano ya mwenzake, isipokuwa yale yaliyofichwa tena na programu yenyewe. Aidha, mwanafunzi akihitimu au mtumishi akihama, huondoka na ufunguo.

Viwango vyenyewe huzeeka kama dawa inayoshindwa na vimelea sugu. Kinga ya kwanza, WEP, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa imevunjwa kufikia mwaka 2001. WPA2 ilifuata mwaka 2004 na kuaminiwa kwa muda mrefu, hadi Oktoba 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alipotangaza udhaifu katika namna inavyokabidhi funguo. Vifaa vilivyopata marekebisho vilipona. Visivyosasishwa vilibaki wazi. Mwaka 2018 ikaja WPA3, ambayo humzuia mdukuzi kunasa mawimbi kisha akaenda kubahatisha nywila kwa nafasi yake.

Tiba yenyewe

Uboreshaji unaofaa chuoni una hatua tatu. Kwanza, kila mtu apewe utambulisho wake, ili kila muunganisho uwe na funguo zake na akaunti ya aliyeondoka ifungwe bila kuwasumbua waliobaki. Ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa eduroam, unaotumika katika nchi zaidi ya 100: mhadhiri mgeni huingia kwa utambulisho wa chuo chake. Pili, simu ithibitishe cheti cha mtandao kabla ya kutoa nywila, kwa kuwa mlaghai anaweza kufungua mtandao bandia wenye jina lilelile. Tatu, mitandao itenganishwe. Wageni, wanafunzi na mifumo ya wagonjwa wasikae chumba kimoja, kama vile mwenye kifua kikuu asivyolazwa wodi ya watoto wachanga.

Gharama ipo. Simu za zamani huenda zisiikubali WPA3, hivyo chuo hulazimika kuendesha viwango viwili kwa muda. Lakini kuacha kuna gharama yake pia. Mwezi Mei 2021, huduma ya afya ya umma ya Ireland ilizima mifumo yake yote ya kompyuta baada ya shambulio lililoanzia kwa mtumishi kufungua faili lenye virusi. Madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Ndiyo maana mtandao imara pekee hautoshi. Mtumishi naye anahitaji mafunzo.

Sheria nayo imenena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla yake, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuagiza usiri wa majibu ya VVU.

Kwa mhudumu wa afya, yapo mambo machache ya kuanza nayo leo: usitume jina la mgonjwa pamoja na picha yake, usimpe mwenzako nywila yako, ruhusu simu isasishwe, na simu ikikuonya kuhusu cheti cha mtandao, usibonyeze kukubali. Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza taarifa zako zinatunzwa wapi na nani anaziona. Anayehofia kuvuja kwa siri huweza kumficha daktari dalili, na dalili iliyofichwa huchelewesha tiba.