Fahamu: Kwa nini Cooper Flagg alicheza chuoni mwaka mmoja tu

Tangu 2006, NBA haimpokei kijana wa Kimarekani moja kwa moja kutoka sekondari. Ndiyo maana fowadi Cooper Flagg, mzaliwa wa Maine, alipitia Chuo Kikuu cha Duke msimu wa 2024/25, akianza na miaka 17. Januari aliitandika Notre Dame pointi 42, kisha akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Nusu fainali ya ubingwa wa vyuo dhidi ya Houston bado inauma. Duke iliongoza kwa pointi 14, Flagg akafunga 27, lakini mtupo wake wa sekunde za mwisho haukuingia, Houston ikashinda 70-67. Kumlaumu yeye ni kumwonea. Timu nzima ilikauka dakika za mwisho.

Juni 2025, Dallas Mavericks walimchagua wa kwanza katika drafti ya NBA.