Wamisionari wa Afrika: Miaka Mitatu Bila Padre

Wamisionari wa Afrika tunawafahamu zaidi kwa jina la Mapadre Weupe. Jina hilo lilitokana na kanzu zao nyeupe, mavazi ya wenyeji wa Algeria. Huko ndiko Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, baadaye Kardinali, alikoanzisha Shirika mwaka 1868, baada ya njaa na kipindupindu kuacha yatima wengi. Aliwaagiza wanawe waseme lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao.

Njia ya Sahara iliwagharimu damu: mapadre watatu waliuawa mwaka 1876 na wengine watatu mwaka 1881. Upande wetu, msafara wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878. Ulipofika Tabora ukagawanyika, wengine wakaelekea Ziwa Tanganyika na wengine Nyanza. Tarehe 17 Februari 1879, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Entebbe.

Lavigerie hakutaka ubatizo wa haraka. Aliweka ukatekumeni wa miaka minne, kwa kufuata desturi ya Kanisa la mwanzo. Wapo walioona ni muda mrefu mno. Lakini mwishoni mwa mwaka 1882 hali ya Buganda ilikuwa ya hatari, wamisionari wakaondoka na kuhamia kusini mwa ziwa, Bukumbi, katika Mwanza ya leo. Wakristo wachache waliobatizwa walibaki bila Misa na bila kitubio.

Je, Kanisa lilikufa? La. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza wenzake katika ikulu ya Kabaka, na Andrea Kaggwa akafundisha dini nyumbani kwake. Mapadre waliporudi mwaka 1885 waliwakuta waamini wameongezeka. Mwaka huohuo Mukasa aliuawa. Mei 1886, Karoli Lwanga, mlei aliyekuwa na miezi michache tu tangu abatizwe, alimbatiza kijana Kizito na wakatekumeni wengine kabla ya kupelekwa kuuawa. Lwanga na Kizito ni miongoni mwa mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Mfano mwingine ni Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta. Alihudumu Karema kama daktari na katekista hadi alipofariki mwaka 1956.

Mwaka 1939 Shirika hilo lilimtoa Joseph Kiwanuka, askofu wa Masaka. Mbegu ilikuwa imezaa mchungaji mwenyeji.

Ndugu mseminari, siku moja utapangiwa parokia yenye vigango vingi, na baadhi utavifikia mara chache kwa mwaka. Jumapili nyingine zote, katekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo ndio watakaowakusanya waamini. Kazi yako itapimwa pia siku ambazo haupo. Nawe mwamini, unapomfundisha mtoto wako Ishara ya Msalaba, unaifanya kazi ileile iliyolishikilia Kanisa la Buganda kwa karibu miaka mitatu.