Alipoondoka deGrom

Ijumaa ya tarehe 2 Desemba 2022, mashabiki wa New York Mets tulipata habari tuliyokuwa tukiiogopa mwaka mzima: Jacob deGrom amesaini na Texas Rangers, miaka mitano, dola milioni 185. Kwa wanachama ambao besiboli kwao ni mchezo wa kusinzia (nawajua, mko wengi), nieleze kwanza tulipoteza nini.

deGrom ni mrushaji, yaani yule anayesimama kwenye kilima kidogo katikati ya uwanja akimrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Mchezo una awamu tisa, na mrushaji hupimwa kwa wastani wa pointi anazoruhusu katika awamu tisa. Akiwa chini ya tatu, huyo ni hodari. Mwaka 2018 wastani wa deGrom ulikuwa 1.70. Mwaka huohuo aliandikiwa ushindi mara 10 na kushindwa mara 9. Hebu zitazameni namba hizo pamoja. Mtu anafunga mlango, anakaa mlangoni na rungu, halafu walio ndani wanashindwa hata kuwasha jiko. Wenzake hawakumpatia pointi, basi. Waandishi waliopiga kura hawakudanganyika: 29 kati ya 30 walimweka wa kwanza, akapata tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Mwaka 2019 akaipata tena, kwa kura 29 kati ya 30 vilevile.

Tena hakuwa mtoto aliyetabiriwa makubwa. Chuoni Stetson, Florida, alikuwa hasa mchezaji wa kudaka mipira uwanjani. Kurusha kulikuja mwishoni. Mets walimchagua mwaka 2010 katika raundi ya tisa, na mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Ligi kuu aliingia mwaka 2014, akikaribia miaka 26. Kufikia 2021 alikuwa akirusha mpira kwa kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa, na wastani wake ukashuka hadi 1.08, kisha mwili ukakataa. Alirusha katika michezo 15 tu mwaka ule, na 11 mwaka uliofuata.

Ndiyo maana sikuweza kumkasirikia alipoondoka, ingawa nilijaribu. Miaka tisa alitupa mkono wake, sisi tukampa fainali moja, ya 2015, tukafungwa na Kansas City. Wenzangu walimwita msaliti. Mimi naona deni lilikuwa upande wetu.

Mjomba wangu wa Temeke, Simba wa kufa, alinicheka kwenye simu: "Mpwa wangu, unamlilia mtu wa dola milioni mia na themanini?" Nikamwambia sawa, mjomba, cheka. Mwaka 2024 Clatous Chama akavuka kutoka Simba kwenda Yanga, nami nikapiga simu kutoa pole. Aliniambia nisimtajie jina hilo tena. Mimi angalau wangu alikwenda mbali, Texas, ligi nyingine, si kwa watani.

Mets walijaza pengo ndani ya siku chache kwa Justin Verlander, dola milioni 86 na ushee kwa miaka miwili. Hakumaliza hata msimu mmoja. Agosti 2023 alikwisha kupelekwa Houston.

Huku nyuma mimi nikawa na ugonjwa mpya: kufuatilia Rangers. Siku ya kwanza kabisa, 30 Machi 2023, deGrom aliruhusu pointi tano kabla ya kumaliza awamu ya nne. Nilijificha uso kama ni mimi niliyekuwa pale, nikiwa nimevaa kofia ya Mets. Lakini Rangers walishinda, na wakashinda michezo yote sita aliyoanza. Kisha kiwiko tena. Juni akafanyiwa upasuaji wa pili wa aina ileile, ule wa kuweka kano mpya ndani ya kiwiko. Vijana wa Texas wakaendelea bila yeye hadi kutwaa ubingwa wa 2023, wa kwanza katika historia yao. Alichokikosa New York kwa miaka tisa alikipata akiwa amekaa benchi na mkono uliofungwa. Nilifurahi, halafu nikawaza kwamba mimi ni shabiki wa ajabu.

Mwaka 2025 hatimaye alicheza msimu mzima, akiwa na miaka 37: michezo 30, wastani 2.97. Na ratiba ikamleta Citi Field, Queens, mwezi Septemba, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Namba 48 ileile mgongoni, jezi si ile. Watu walisimama wakampigia makofi marefu, akavua kofia. Kisha akapanda kilimani akarusha awamu saba, na Rangers wakashinda 8 kwa 3.

Wiki mbili baadaye msimu ulikwisha. Mets walikuwa na ushindi 83, Cincinnati Reds nao 83, na nafasi ya mtoano ilikuwa moja. Reds waliichukua, kwa sababu walitushinda zaidi tulipokutana. Ushindi mmoja tu zaidi, mwezi wowote, dhidi ya mrushaji yeyote, ungetutosha. Mimi usiku ule wa Septemba nilikuwa nampigia makofi.