Picha Elfu Kumi Bila Jina Hata Moja

Mwezi uliopita tulihudhuria hitima ya mzee mmoja katika mtaa wa Mwanjelwa, mjini Mbeya. Marehemu alikuwa mzaliwa wa Iringa, na jamaa zake walikuja kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Baada ya dua, wazee wakaomba waonyeshwe picha moja ya zamani: marehemu akiwa kijana, pamoja na wenzake sita waliosoma naye chuoni. Wote walijua kwamba picha hiyo ipo, kwa kuwa mwanawe mwenyewe aliiskani na kuitia katika kompyuta ya nyumbani.

Kijana akaifungua kompyuta. Mlikuwa na picha zaidi ya elfu kumi, na majina yake yalikuwa IMG_0417, IMG_0418, na kuendelea hivyo hivyo. Akajaribu kuitafuta kwa mwaka, lakini mashine ya kuskani huandika tarehe ya siku ya kuskani, haijui kwamba picha ni ya zamani za babu. Akahangaika mpaka wageni wakaondoka. Picha ilionekana siku ya nne, ndani ya folda iitwayo “Mpya 3”, iliyokuwa ndani ya folda nyingine iitwayo “Simu ya zamani”.

Hatusimulii habari hii ili kumcheka kijana yule. Tuliporudi nyumbani tulifungua kompyuta yetu wenyewe, tukaona haya. Kadhalika twajua kwamba wako wanazuoni wasiopenda picha, nasi hatutaki kuingia katika mjadala huo hapa. Lakini maadamu picha zimo majumbani mwetu, yafaa zijulikane ni za nani.

Zamani baba zetu walipokwenda kupigwa picha studio, walirudi na karatasi, na nyuma ya karatasi mtu aliandika kwa kalamu ya risasi: mahali, mwaka, na majina ya waliosimama. Picha za leo hazina mgongo wa kuandikia, na kwa hiyo watu wengi wameacha kuandika kabisa. Wanadhani kompyuta itakumbuka kwa niaba yao. Kompyuta yakumbuka, lakini yakumbuka tarehe na saa ya kamera, na pengine mahali ilipokuwa simu. Siku ile ilikuwa arusi au mazishi, na yule mama wa pembeni ni nani, hayo haiyajui mpaka aambiwe.

Hasara ya jambo hili twaweza kuiona katika picha za nchi yetu wenyewe. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakapiga picha nyingi za watu wa milima ile. Leo nyingi katika hizo zatazamwa kwa intaneti, katika hazina ya picha za wamisionari inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Lakini mtu wa Tukuyu akiandika “Tukuyu” tu, atakosa mengi, kwa sababu Wajerumani waliuita mji huo Neu-Langenburg, na Wanyakyusa waliwaita Konde. Hapana budi aijue lugha ya aliyeandika ndipo apate. Hata akipata, katika picha nyingi za wakati ule mtu ameandikwa kabila lake tu, jina lake halimo. Huenda ni babu wa mmoja wenu asomaye ukurasa huu, nani ajuaye? Wale walikuwa wageni. Je, sisi tunaowaacha wazazi wetu wenyewe bila jina tutasema nini?

Basi na tuanze na tarehe. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2018-06-15. Mwaka ukitangulia, kompyuta yenyewe huzipanga picha kwa mfuatano wake. Ikitangulia siku, picha za tarehe 15 za miaka yote zitakaa pamoja, na mambo yatachafuka. Baada ya tarehe wekeni mahali, kisha tukio, kisha watu: “2018-06-15 Iringa Kihesa Idd-el-Fitri Bibi na wajukuu”. Siku mtakayomtaka Bibi, andikeni neno “Bibi” katika nafasi ya kutafutia, naye atatokea. Zaidi ya hayo, msimwandike “Bibi” peke yake. Kila mtoto ana bibi yake, na baada ya miaka arobaini hakuna atakayejua ni bibi yupi. Wekeni jina lake kamili.

Katika nyumba za Waislamu iko tabu moja ambayo vitabu vya kompyuta havitaji. Folda nyingi huitwa “Idd” tu. Lakini Idd hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo haina mwezi wake katika kalenda ya Kizungu. Hata “Idd-el-Fitri 2000” haitoshi, kwa kuwa mwaka ule Idd-el-Fitri ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Andikeni mwezi pia, na mkipenda mwaka wa Hijra.

Hata hivyo, kurudi nyuma huko kwaweza kutusaidia kwa picha zisizo na tarehe. Kila mkazi wa Iringa na Mbeya ajua baridi ya Juni na Julai. Tulikuwa na picha ya watoto wamevaa kanzu mpya, na juu ya kanzu masweta mazito, wamejikunyata ukutani wakiota jua. Ilikuwa Idd-el-Fitri, hilo tulilikumbuka, lakini ya mwaka gani? Idd-el-Fitri iliangukia miezi hiyo kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, na kabla ya hapo katikati ya miaka ya 1980. Picha ilikuwa ya simu, basi miaka ya 1980 ikatoka. Katika picha hiyo yumo mtoto mchanga mgongoni, naye alizaliwa mwaka 2017. Ikabaki miaka miwili ya kuchagua, 2018 au 2019, na mama yake akatumalizia hesabu kwa kuitambua kanga.

Jihadharini pia na picha zinazopokelewa kwa WhatsApp. Njiani hupunguzwa ukubwa, na habari za kamera huondolewa. Katika simu nyingi jina lake hubeba tarehe ya kupokelewa, kwa hiyo picha ya arusi ya mwaka 1990 yaweza kuonekana kana kwamba ni ya juzi. Ombeni mletewe faili lenyewe. Tena kamera nyingi zikifika 9999 huanza hesabu upya, na mtu akinakili picha bila kusoma swali la kompyuta, yaweza IMG_0417 mpya kuifuta ile ya zamani.

Msitegemee programu moja kushika majina yenu. Wengi walitumia Picasa ya Google, wakakaa usiku kucha wakiandika majina ya nyuso; mwaka 2016 Google wakaacha kuiendeleza. Jina lililomo katika jina la faili halihitaji programu ya mtu.

Tena wekeni nakala tatu, na moja isikae nyumba ile ile. Familia moja tuijuayo ina dada Mbeya na kaka Iringa, na kila Idd hubadilishana diski. Moto au mwizi hawezi kufika miji yote miwili kwa usiku mmoja. Lakini kabla ya kubadilishana, picha za akina mama wakiwa ndani bila ushungi zitengwe katika folda yake na kufungwa kwa neno la siri. Hizo ni amana, nazo hazifai kusafiri ovyo katika mfuko wa kijana ndani ya basi.

Turudi Mwanjelwa. Picha ya wale vijana saba ilipoonekana, mwana wa marehemu alimpigia simu shangazi yake aliyeko Iringa, kisha akampelekea. Mama yule, ambaye macho yake yamepungua nguvu, alimwagiza mjukuu aikuze picha, akataja mmoja mmoja kutoka kushoto. Alitaja watano. Wawili wa mwisho hakuwajua, akasema atakayewajua ni mzee mmoja aliyeko Tukuyu, ambaye siku hizi hatoki nje. Kijana ameliandika faili upya, na mwisho wake ameweka “wawili bado”. Jumamosi atakwenda Tukuyu, na ameichapisha picha kwenye karatasi kubwa, maana mzee hana simu ya kutazamia.