Lieue Elfu Ishirini Chini ya Bahari

Lieue Elfu Ishirini Chini ya Bahari (kwa Kifaransa: *Vingt mille lieues sous les mers*) ni riwaya ya bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na Mfaransa Jules Verne (1828–1905). Ilitolewa kwanza kwa sehemu katika jarida moja la Paris kuanzia Machi 1869 hadi Juni 1870.

Maana ya jina

Mara nyingi hudhaniwa kwamba jina linataja kina cha bahari. Lieue ni kipimo cha zamani cha umbali, na hapa ni sawa na kilomita 4. Lieue 20,000 ni kilomita 80,000, yaani karibu mara mbili ya mzingo wa dunia, ilhali bahari haizidi kina cha kilomita 11 hivi. Jina linahusu urefu wa safari iliyofanywa chini ya maji.

Hadithi

Mwaka 1866 meli kadhaa zinakutana baharini na kitu kinachodhaniwa kuwa mnyama mkubwa. Profesa Pierre Aronnax, mtumishi wake Conseil na mrusha chusa Ned Land kutoka Kanada wanaambatana na manowari ya Marekani kukiwinda. Wanagundua kwamba "mnyama" huyo ni nyambizi ya chuma iitwayo Nautilus, yenye urefu wa mita 70 na kuendeshwa kwa umeme. Nahodha wake, Nemo, anawapokea lakini anawakataza kuondoka. Wanapita Pasifiki, Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu, Mediteranea na Atlantiki hadi Ncha ya Kusini, kisha wanatoroka karibu na Norwei.

Nemo ni nani?

Kwa Kilatini "nemo" ni "hakuna mtu". Verne alitaka awe Mpolandi anayelipiza kisasi kwa Urusi, iliyozima uasi wa Wapolandi wa 1863. Mchapishaji wake, Pierre-Jules Hetzel, alikataa, hivyo asili ya Nemo ikafichwa. Katika riwaya ya *Kisiwa cha Ajabu* (1874–1875) anajulikana kuwa Dakkar, mwana wa mfalme kutoka Uhindi, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa 1857 na kupoteza familia yake. Kwa hiyo hasira yake ni ya mtu aliyenyang'anywa nchi, ingawa kisasi chake kinaua mabaharia na kumtia Aronnax hofu.

Filamu

* 1907: filamu fupi bubu ya Georges Méliès.
* 1916: filamu bubu ya Stuart Paton. Picha za chini ya maji zilipigwa Bahamas kwa chombo cha ndugu wawili wa familia ya Williamson. Inaunganisha riwaya zote mbili, na Nemo ni Mhindi.
* 1954: filamu ya rangi ya Walt Disney iliyoongozwa na Richard Fleischer. James Mason aliigiza kama Nemo na Kirk Douglas kama Ned Land. Ilipata Tuzo mbili za Oscar, ikiwemo ya athari maalumu. Pambano na ngisi mkubwa lilipigwa picha upya katika dhoruba ya usiku, kwa sababu mara ya kwanza halikuonekana la kweli.

Mwaka huohuo wa 1954 Marekani ilishusha majini nyambizi ya kwanza ya nyuklia duniani, nayo ikaitwa Nautilus.