Nakala au Namba ya Jalada? Jinsi Kompyuta Inavyotunza Maneno

Barua moja ikihitajiwa na maofisa wawili, karani wa masjala ana njia mbili. Aweza kuipiga chapa upya ili kila ofisa apate yake. Au aweza kuwapa wote wawili namba ya jalada moja. Njia ya kwanza hula karatasi na muda. Ya pili ni nyepesi, lakini ofisa mmoja akifuta mstari katika barua hiyo, mwenzake ataukuta umekwisha kufutwa.

Mwandishi wa programu za kompyuta hukabiliwa na uchaguzi huohuo kila anaposhughulika na mfuatano wa herufi, kama vile jina la mtu. Herufi hizo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, mahali penye anwani yake. Kuzinakili ni kuziandika zote upya mahali pengine. Kadiri zinavyokuwa nyingi, ndivyo kazi inavyozidi. Kushirikiana rejeo ni kunakili anwani peke yake, ambayo katika kompyuta nyingi za leo ni baiti 8, maneno yawe mafupi au marefu.

Hatari ya rejeo hutegemea lugha ya programu. Katika Ruby, iliyotolewa mwaka 1995, mfuatano usiofungwa waweza kubadilishwa papo hapo ulipo. Ikiwa A ni «Asha», na B ikafanywa sawa na A, kisha neno «Juma» likaongezwa mwishoni mwa mfuatano wa B, basi A nayo itasomeka «AshaJuma», ingawa hakuna aliyeigusa.

Java, iliyotolewa mwaka huohuo, iliondoa hatari hiyo kwa kuzuia mfuatano usibadilike ukisha kuundwa. Kitu kisichobadilika chaweza kushirikiwa na wengi bila hofu. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi kipande kilichokatwa katika mfuatano mrefu hakikunakiliwa. Kilishika rejeo la herufi zote za asili, pamoja na namba za kuonyesha kinapoanzia na urefu wake.

Hapo likazuka tatizo jingine. Kumbukumbu haiachiliwi maadamu lipo rejeo linaloielekea. Wakati huo kila herufi ilichukua baiti 2. Programu iliyosoma hati ya herufi milioni 1 na kubakiza herufi 10 tu ilizuia baiti milioni 2 kwa ajili ya baiti 20. Mwaka 2012, katika sasisho la 6 la Java 7, utaratibu ulibadilishwa, na vipande vikaanza kunakiliwa. Kukata kipande kirefu kukawa na gharama zaidi, lakini hati kubwa ikaweza kuachiliwa.

Basi hakuna njia iliyo bora daima. Kabla ya kuchagua, yafaa kuuliza mambo mawili: je, maneno haya yatabadilishwa na yeyote? Na je, rejeo dogo litazuia mzigo gani nyuma yake?